Somo: Kutoa na kupokea mrejesho wa mazoezi ya mwanzo ya kuchora

Mtu akituma ukurasa wa mistari akajibiwa "hongera, endelea hivyo hivyo", hajasaidiwa. Akijibiwa "mistari yako bado", hajasaidiwa pia. Anachohitaji ni kuambiwa mkono wake ulifanya nini kalamu ilipogusa karatasi, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshughulika na kuchora. Wino huhifadhi mwendo wa mkono, na kazi ya mkaguzi ni kuusoma mwendo huo. Hapa tutashika mazoezi matatu: mistari ya kurudia, duaradufu (duara lililobanwa) na masanduku.

KABLA YA KUTUMA

Chora kwa wino. Kalamu ya ncha ya 0.5 mm ni nzuri zaidi, lakini peni ya kawaida ya shule inatosha. Penseli inaruhusu kufuta, na kosa likishafutwa mkaguzi hana cha kusoma. Karatasi iwe nyeupe ya A4, ile ya fotokopi. Daftari la mistari linachanganya macho, hasa kwenye masanduku.

Piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi na pembe zote nne zikionekana. Simu ikiinama, mistari iliyo sambamba huonekana inakaribiana na duaradufu hukonda, kisha unasahihishwa makosa ya kamera. Kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na mitetemo midogo ya mstari hupotea.

Tuma kurasa zote kwa mpangilio uliozichora, pamoja na zile unazozionea haya. Taja jambo moja lililokutatiza.

KUSOMA MISTARI

Zoezi lenyewe: piga mstari kwa rula, kisha uupitie mara 8 kwa mkono mtupu, kila mara ukianzia ncha ile ile. Kwanza tazama ncha mbili. Mistari ikitawanyika mwishoni tu, ni hali ya kawaida ya anayeanza na itapungua kwa mazoezi. Ikitawanyika mwanzoni pia, basi hakutulia kuweka kalamu mahali pa kuanzia. Hiyo ni haraka tu, na inaweza kurekebishwa leo leo.

Mstari wenye mawimbi madogo unaonyesha kwamba alikwenda polepole huku macho yakiusahihisha mkono njiani. Mstari uliopinda mara moja kama upinde unaonyesha kwamba alichora kwa kifundo cha mkono au kiwiko. Bega nalo huzunguka, ila urefu wa mkono mzima hufanya upinde wake usionekane sana kwenye A4, ndiyo maana tunasisitiza bega. Ukiona kindoano mwishoni, aliogopa kupitiliza akauzuia mkono. Mwambie anyanyue kalamu ikifika, asiizuie.

Ulaini wa mstari uje kwanza, usahihi baadaye. Mkaguzi akigeuza mpangilio huu anaharibu. Akimlaumu mtu kwa kukosa nukta, yaani alama ya mahali mstari unapoanzia au kuishia, wiki ijayo ataletewa mistari iliyofika kwenye nukta zote, na yote inatetemeka.

DUARADUFU

Fikiria mdomo wa sufuria ukiutazama kwa ubavu. Mchoraji azunguke mara 2 kabla ya kunyanyua kalamu, zisizidi 3. Ncha zikiwa kali kama za jani la mwembe, mkono ulisimama pale kugeuka. Kisha piga mstari katikati kwa kufuata upande mfupi wa duaradufu, yaani mhimili mfupi. Nusu mbili zinapaswa kulaliana kama karatasi iliyokunjwa. Nusu moja ikinenepa kama yai, mwendo haukuwa sawa pande zote, na dawa yake ni kuzungusha kalamu hewani kwanza hadi mkono uzoee njia.

MASANDUKU

Hapa ndipo mrejesho una faida kubwa, na ndipo wengi wanapokosea kuutoa. Sanduku lina kingo 12 zilizo katika makundi 3 ya kingo 4. Akishachora sanduku, mwanafunzi arefushe kingo za kila kundi kwa rangi yake ya wino, kuelekea mbali na mtazamaji. Ili kuujua upande huo, tafuta kona iliyo karibu nawe zaidi, ile yenye umbo la Y, urefushe kutokea hapo kwenda nyuma. Hakiki jambo hili kabla ya lingine lolote: aliyerefusha upande usio sahihi ataonekana amekosea sanduku lote kumbe ni mistari ya kuhakiki tu.

Mistari minne ya rangi moja inapaswa kukaribiana taratibu. Ikiachana jinsi inavyokwenda mbali, sanduku linapanuka upande wa nyuma. Ikikutana miwili miwili mahali tofauti, alilinganisha kila ukingo na jirani yake tu badala ya kuitazama minne yote kabla ya kuchora.

Kona ya nyuma isipokutana vizuri, tafadhali usimwambie arekebishe kona hiyo. Inachorwa mwisho, kwa hiyo makosa ya kingo zote zilizotangulia hujikusanya pale. Rudi kwenye makundi ya rangi utafute chanzo.

KUANDIKA MREJESHO

Tazama kurasa zote kabla ya kuandika neno. Kosa la mara moja liache. Lililojirudia kwenye masanduku 6 kati ya 10 ndilo la kuandika. Chagua mawili, yasizidi matatu, na kwa kila moja taja mahali, kilichotokea, sababu, na cha kufanya kwa idadi. Mfano:

"Ukurasa wa 2, safu ya juu: mistari imetawanyika ncha zote mbili kwa sababu unaanza kabla kalamu haijatulia. Chora seti 6 zaidi, na kila mara hesabu hadi mbili kalamu ikiwa kwenye nukta ya mwanzo."

Ukitaka kuonyesha kwa mchoro, tumia nakala ya picha na rangi nyekundu.

KUPOKEA

Soma mara mbili, mara ya pili karatasi ikiwa mbele yako, na ukiguse kwa kidole kila kilichotajwa. Usichokiona, ulizia hapo hapo. Fanya ulichoagizwa tu, usirudie zoezi zima. Kurasa za zamani ziandike tarehe uziweke.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mwezi mmoja tu, naweza kukagua wenzangu?
Jibu: Marahaba. Ndiyo, kwa zoezi ambalo umelimaliza na wewe ukakaguliwa. Anza na yanayohesabika: mistari imepitiwa mara 8? Duaradufu imezungushwa mara ngapi? Masanduku yamerefushwa upande sahihi?

Swali: Mmoja ameniambia nipunguze haraka, mwingine nichore kwa kasi. Nimfuate nani?
Jibu: Huenda wote wako sahihi. Maandalizi ni ya polepole: weka nukta, pitisha kalamu hewani mara 3 hadi 5. Mchoro wenyewe ni mwendo mmoja usiosita. Waulize kila mmoja alikuwa anazungumzia hatua ipi.

Swali: Ndugu, mimi mkono wangu hutetemeka hata nikishika kikombe. Nitakaguliwaje?
Jibu: Andika hivyo unapotuma. Mkaguzi ataangalia kama mstari umeshika mwelekeo wake na kama mwendo umetoka begani, na mitetemo midogo ataiacha. Jaribu pia mistari ya sentimita 10 au zaidi, ambayo huusaidia mkono kushika mwendo.

Swali: Nachora kwenye tableti. Kuna tofauti?
Jibu: Ipo. Programu nyingi za kuchora hulainisha mstari zenyewe, kwa hiyo mkaguzi anakuwa anasoma programu badala ya mkono wako. Zima kipengele hicho na useme umekizima. Kioo huteleza kuliko karatasi, kwa hiyo tuma na ukurasa mmoja wa wino ili vilinganishwe.