Ikoni ya folda isikae kwenye flashi

Kwa wenzangu wa steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambao desktopu zenu za Windows zimejaa folda za njano zinazofanana: bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, halafu Customize, bonyeza Change Icon, chagua ikoni, kisha OK, na OK tena kwenye Properties. Jicho linaiona picha kabla hujasoma jina, na mteja wa CV hasubiri. Folda mbili tatu zinatosha. Ukizipamba zote umerudi kulekule. Ukitaka ikoni yako mwenyewe, iwe faili la picha la aina ya .ico, na ulihifadhi kwenye diski ya kompyuta mahali ambapo hutaligusa. Windows haichukui nakala ya picha, inakumbuka tu ilipo. Ukilihamisha, au likiwa kwenye flashi uliyochomoa, folda inapoteza ikoni yake.