Utafiti wa burudani umfikie na msimamizi wa uwanja

Kazi yangu ni kuhariri tafiti kuhusu burudani na mapumziko, na ninaowafikiria kwanza ni makocha, wasimamizi wa viwanja na waendeshaji wa vituo vya vijana. Hawa hawana muda wa kupekua kurasa nyingi wakitafuta jambo moja.

Ukiwaandikia kuhusu utafiti, anza na jibu. Matokeo yakae juu, mbinu zifuate chini kwa msomi anayetaka kuzikagua. Usizifute, maana ndizo zinazoonyesha kama matokeo yanaaminika.

Kisha geuza nadharia iwe maswali ya kazini. Chukua modeli ya watafiti Crawford, Jackson na Godbey ya mwaka 1991 kuhusu vikwazo vya burudani. Inataja aina tatu: vya ndani ya mtu, vya baina ya watu, na vya nje kama muda, fedha na usafiri. Msomi ataridhika hapo. Msimamizi ambaye darasa lake la kuogelea halijai, mimi humwandikia hivi: “Kabla hujapunguza ada, waulize. Wanaogopa maji? Wamekosa mtu wa kuja naye? Au saa uliyopanga inawakuta kazini?” Ada nafuu haimwondolei mtu hofu ya maji.

Takwimu, bakiza zinazobadilisha uamuzi tu. Taja pia waliotafitiwa ni akina nani. Yaliyoonekana kwa wanafunzi wa chuo huenda yasimfae mstaafu.

Rasimu ikiwa tayari, mpe kocha aisome, umuulize atabadilisha nini wiki ijayo. Akisita, andika upya aya ya kwanza.