Kupima lishe kwa kamera ya simu: mwongozo kwa jikoni za Bukavu

Programu za simu zinazotambua chakula kwa picha zimeanza kuzoeleka hapa Bukavu, hasa kwa watu walioambiwa na daktari wapunguze wanga, chumvi au uzito. Unapiga picha ya sahani, akili mnemba inataja kilichomo, na papo hapo kioo kinaonyesha kalori, wanga, protini na mafuta. Nilianza kuitumia mojawapo kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye ana ugonjwa wa sukari, na baada ya miezi kadhaa nasema kwa moyo wote kwamba inasaidia, mradi mtumiaji ajue ni wapi inakisia, na apime mwenyewe pale inapokisia vibaya. Kwa vyakula vyetu, mahali hapo ni ndani ya sufuria.

Programu hizi hufanya kazi tatu mfululizo: hutambua chakula, hukadiria wingi wake, kisha hutafuta chakula hicho katika jedwali la virutubisho na kupiga hesabu. Kosa la hatua ya kwanza huzibeba zote zinazofuata. Utambuzi hutegemea picha ambazo mashine ilifundishiwa, na picha zetu ni chache. Mkusanyo uitwao Food-101, ambao watafiti wa Zurich nchini Uswisi waliutoa mwaka 2014 na ambao umetumiwa sana katika kazi hii, una picha 101,000 za aina 101 za vyakula; piza imo, sushi imo, lakini bugali (ugali wetu) na sombe (majani ya muhogo yaliyotwangwa) havimo. Programu za leo zimefundishwa kwa picha nyingi zaidi ya hizo, na bado kwenye simu yangu bugali wa muhogo umeitwa viazi vilivyopondwa, na sombe ikaitwa spinachi. Kuhusu wingi, picha haina kina: simu chache za bei kubwa zina kihisi cha kupima umbali, nyingine zote hukisia kwa kuangalia ukubwa wa sahani.

Kwa hiyo, unapochagua programu, usivutiwe na kasi yake. Angalia mambo mawili: je, inakuruhusu kubadilisha jina la chakula na idadi ya gramu baada ya kupiga picha, na je, inakuruhusu kuhifadhi mapishi yako mwenyewe? Isipokuruhusu, iache. Kwa kuwa wengi wetu tunasoma Kifaransa kuliko Kiingereza, programu yenye Kifaransa hurahisisha kazi. Foodvisor, kwa mfano, ilitengenezwa Ufaransa. Kabla ya kulipa chochote, tafuta humo maneno «feuilles de manioc», yaani majani ya muhogo. Yakitokea pamoja na kalori kwa gramu 100, unaweza kuendelea. Tafuta pia mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu. Asiye na mizani akumbuke angalau kwamba kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina gramu 14 hivi, yaani kalori karibu 120.

Picha ipigwe mchana, karibu na dirisha au mlangoni, kwa sababu tochi ya simu, tunayoikimbilia umeme unapokatika, huleta kivuli upande mmoja na mng'ao juu ya mafuta. Inamisha simu kidogo, isiwe wima wala isitazame chini moja kwa moja, ili urefu wa chakula uonekane; sahani nzima iingie katika picha, na kijiko kiwekwe kando yake kama kipimo. Tumia sahani ileile kila siku. Wanaokula pamoja kwenye sinia moja, kama ilivyo katika nyumba nyingi, wampakulie kwanza yule anayefuatiliwa, sahani yake ipigwe picha na kupimwa, ndipo wote wakae kula. Mega za intaneti zikikuishia, piga picha kwa kamera ya kawaida na uitume baadaye. Programu nyingi hukubali picha iliyohifadhiwa. Hakikisha tu kwamba sura za watu na karatasi za dawa hazimo, kwa maana picha hiyo kwa kawaida huondoka kwenye simu yako na kwenda kuchambuliwa kwenye kompyuta za mbali.

Sasa tuje kwenye sufuria. Jumapili moja nilipiga picha ya sombe ya mama, gramu 300 kwa mizani, na simu ikajibu: spinachi, kalori 70. Mama aliitazama, akaniuliza, «Mwanangu, sasa hiyo simu imeyaona wapi mawese, na mimi niliyamwaga kabla wewe hujaamka?» Alikuwa amesema kweli. Alikuwa ametia mililita 200 za mawese, sawa na gramu 180 hivi, na hizo peke yake ni karibu kalori 1,600. Mafuta yaliyokwisha kuchanganyika na majani hayana umbo ambalo kamera inaweza kulishika. Tangu siku ile tunapima hivi: sufuria tupu hupimwa mara moja tu na uzito wake kuandikwa ukutani, kila kinachoingia, yaani majani yaliyotwangwa, mawese, kitunguu, karanga au samaki, hupimwa kabla ya kuingia na kuandikwa katika programu kama mapishi yenye jina lake, «Sombe ya Mama», chakula kikiiva, sufuria hupimwa tena na uzito wa sufuria tupu kuondolewa. Siku ile sombe ilikuwa gramu 2,400. Sahani ya mama ilikuwa sehemu moja ya nane, kwa hiyo ilibeba kalori 200 za mawese, kabla hatujahesabu majani yenyewe. Hesabu hiyo hufanywa mara moja. Wiki inayofuata, akipika vilevile, unachagua jina na kuandika gramu alizopakua.

Nisieleweke kwamba mawese ni adui. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na sombe yenyewe ina protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani. Ninachotaka ni kwamba yahesabiwe.

Bugali unadai uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu tofauti kati ya unga mkavu na bugali uliosongwa ni kubwa, na watu wengi huandika gramu za kimoja kwenye mstari wa kingine. Gramu 500 za unga wa muhogo zina kalori karibu 1,750. Ukizisonga ukapata bugali wa gramu 1,500, basi gramu 300 kwenye sahani ni sehemu moja ya tano: kalori 350, na wanga wa gramu 85 hivi. Simu ikiuita viazi, itaandika wanga wa gramu 50 hadi 60 kwa uzito huohuo. Kwa mtu mwenye sukari, pengo hilo si dogo hata kidogo. Bugali wa mahindi hauna budi kuandikwa kama mapishi tofauti, kwa kuwa unga wa mahindi una protini ya gramu 8 hivi kwa kila gramu 100, ilhali ule wa muhogo una gramu 1 au 2 tu. Kwa macho na kwa kamera, bugali wa aina hizo mbili unaweza kufanana kabisa.

Sambaza huitwa sadini na programu nyingi, na safari hii mashine haikosei sana, kwani samaki hao ni wa jamii ya dagaa na sadini. Waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kosa huja pale programu inapochagua sadini wa mkebe waliolowekwa mafuta. Badilisha, uandike sadini wabichi au wakavu kulingana na walivyokuwa, kisha ongeza mafuta ya kukaangia: pima mafuta kabla ya kuyatia kwenye karai, pima yaliyobaki, na tofauti ndiyo iliyoliwa.

Chakula kisichopatikana katika programu unaweza kukitafuta katika majedwali ya majirani zetu, ya Tanzania yaliyotoka mwaka 2008 na ya Kenya yaliyotoka mwaka 2018, kisha ukaingiza takwimu zake kwa mkono.

Vitu vya paketi, kama biskuti na maziwa ya unga, visipigwe picha ya kawaida, bali visomwe kwa mistari myeusi iliyo nyuma ya paketi. Open Food Facts, hifadhi huria iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012, hutumika bila malipo, na bidhaa isiyokuwemo unaweza kuiongeza mwenyewe kwa kupiga picha maandishi yake. Angalia tu kama takwimu ni za gramu 100 au za kipande kimoja.

Chumvi haionekani kwenye picha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na makayabu (samaki wa chumvi) pamoja na vidonge vya kukolezea mchuzi vinaweza kuvuka kiwango hicho kabla chumvi ya mezani haijaguswa. Andika kila kidonge kilichoingia kwenye sufuria.

Kuna kazi ambazo kamera haipaswi kupewa. Kipimo cha insulini kisiamuliwe kwa takwimu ya picha. Mtoto mdogo anayekonda apelekwe kituo cha afya apimwe mkono na uzito, si sahani yake. Mama mjamzito naye asipunguze chakula kwa sababu simu imeandika namba nyekundu. Azungumze na mkunga wake.

Baada ya siku saba usitazame mlo mmoja mmoja, tazama wastani wa wiki, kwa sababu makosa madogo ya mlo mmoja mara nyingi hupunguzwa na ya mwingine. Siku za kwenda kliniki mimi huandika kwenye karatasi moja wastani wa wanga kwa kila mlo, na kando yake vipimo vya sukari vya asubuhi, kwa kuwa muuguzi hana muda wa kupekua simu ya mtu. Safari iliyopita alipitisha kidole kwenye safu zote mbili, akasimama kwenye jioni tatu ambazo bugali ulizidi gramu 400, akamwambia mama yangu, «Mama, tuanzie hapa.»