Entebbe hadi London: kokotoa mwenyewe umbali na muda wa ndege

Uwanja wa Entebbe uko nyuzi 0.04 tu kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo hesabu ndefu ya umbali juu ya uso wa dunia, kwa anayeanzia hapa, hubaki na namba mbili za kuzidisha. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza na ushikilie juu ya njia ya kurukia ndege. Latitudo na longitudo zitatokea. Entebbe: 0.04 kaskazini, 32.44 mashariki. Heathrow, uwanja wa London: 51.47 kaskazini, 0.46 magharibi.

Hatua ya 2. Tafuta tofauti ya longitudo. Viwanja vyote vikiwa mashariki, toa. Kimoja kikiwa magharibi, jumlisha: 32.44 + 0.46 = 32.90. Ukitoa hapa, unapoteza kilomita 40 hivi.

Hatua ya 3. Laza simu ili kitufe cha cos kionekane. Jaribu kwanza cos 60: isipoleta 0.5, kikokotoo hakisomi nyuzi, kibadilishe. Kisha cos 51.47 (0.6229) mara cos 32.90 (0.8396) ni 0.5230. Bonyeza cos⁻¹ upate nyuzi 58.47, zidisha kwa 111.2, yaani kilomita za nyuzi moja juu ya uso wa dunia. Jibu ni kilomita 6,502, na kosa la kuiacha ile 0.04 halifiki kilomita 5. Mkato huu usiutumie ukianzia Nairobi, iliyo nyuzi 1.3 kusini, utakosea kwa zaidi ya kilomita 100.

Hatua ya 4. Jeti kubwa hukata kilomita 900 hivi kwa saa ikiwa juu, ila usigawe kwa 900. Ndege haifuati mstari ulionyooka: anga la Sudan lilipofungwa Aprili 2023 vita vilipoanza, safari za kaskazini zililazimika kuzunguka. Gawa kwa 850, halafu ongeza dakika 45 za ndege kutembea uwanjani, kupanda angani na kushuka. 6,502 ÷ 850 = 7.65. Hiyo .65 si dakika 65! Zidisha kwa 60, ni dakika 39. Jumla ni saa 8 na dakika 24.

Hatua ya 5. Linganisha na tiketi, ambayo huandika saa za kila mji. Uganda iko mbele ya London kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na saa 3 miezi mingine. Tuseme ni Julai, tiketi inasema 08:00 hadi 14:25. Kwa macho ni saa 6 na dakika 25. Ongeza 2, unapata 8 na dakika 25. Wakati wa kurudi, toa badala ya kuongeza.

Hapa ndipo watu huachwa na ndege, kwa hiyo soma taratibu. 14:25 ya tiketi, kwa saa za Kiswahili, ni saa nane na dakika 25 mchana. Tiketi ikisema tarehe 12, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Uwe Entebbe tarehe 11, saa tatu na nusu usiku, na ukitoka Kampala jioni, foleni ya magari uihesabu kando.