Jinsi ya kusoma jina la ndege kwa Kichina

Hapa Lubumbashi, soko la mtaa wa Kenya halikosi maboksi yenye maandishi ya Kichina. Nilianzia hapo, kaye (daftari) ya mwanangu mkononi.

Kwanza tafuta alama 鸟, yaani ndege: mistari 5 tu (ya zamani, 鳥, ina 11). Mara nyingi hukaa kulia. Kisha tazama kushoto, maana hapo ndipo sauti ilipo. Kunguru ni 鸦, yā. Kushoto kuna 牙, yá, jino. Jino hilo limeazimwa kwa sauti yake tu. Litamke polepole, utamsikia kunguru mwenyewe juu ya bati.

Jina refu livunje kipande kwa kipande. Bundi ni māotóuyīng: paka, kichwa, mwewe. Usiku mmoja bundi alinigeuzia uso kutoka kwenye mwembe wetu, macho mbele, mviringo kabisa. Paka mtupu! Bata mzinga ni huǒjī, kuku wa moto. Wajapani humwita shichimenchō, ndege wa nyuso saba, kwa vile ngozi ya kichwa chake hubadilika rangi.

Gongonola ni zhuómùniǎo, ndege adonoaye mti. Wakorea husema ttakttaguri. Hilo lisome kwa sauti, ukigonga meza.