Kutunza chanjo ya kuku nyumbani isikufie kabla hujachanja

Jamani wafugaji wenzangu, hili tuliongee maana linatumalizia kuku. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) kwa kawaida ni kirusi hai kilichokaushwa ndani ya kile kichupa, kikipigwa joto kinakufa na wewe kwa macho hujui, kichupa ni kilekile, unga ni uleule, unachanja banda zima umetulia halafu kideri kikipita mtaani unakuta mmoja kapinda shingo anaharisha kijani, keshokutwa ni vifo tu. Mimi yalinikuta, nilisafiri siku mbili luku ikaisha nyumbani, friji ikazima, niliporudi nikaingiza umeme nikaitumia ileile chanjo yangu ya kideri, La Sota. Kuku 34 wakabaki 6. Roho iliniuma sana.

Anzia dukani kwanza. Muuzaji akikutolea chanjo kwenye shelfu na sio kwenye friji, achana nayo hata kama ni bei rahisi, na tarehe ya mwisho uisome mwenyewe. Nenda na chupa ya chai yenye mdomo mpana au kiboksi kidogo cha kutunzia ubaridi, tia barafu, kichupa kifunge kwenye gazeti ndo ukiweke humo kisigusane na barafu. Usikitie mfukoni ukapanda nacho daladala saa saba mchana.

Ukifika nyumbani inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, basi. Iweke shelfu ya katikati, mlangoni hapana, kila mtoto akifungua kunywa maji inapigwa joto. Na usiibananishe na frizabeti, ile sehemu ya kugandishia, ukidhani ndo itadumu zaidi, hasa zile chanjo za mafuta za kuchoma sindano, zikiganda zimeharibika, ukiona mafuta yamejitenga na maji mwaga. Nunua kipimajoto kidogo cha friji uwe unachungulia asubuhi na jioni. Halafu jaza chupa za maji kwenye nafasi zilizo wazi, umeme ukikatika zinashikilia ubaridi, we usifungue fungue tu.

Sasa hili watu wanalichukulia poa: ile chanjo ya tone la jicho inafanana kabisa na dawa ya macho ya binadamu, kichupa kidogo, mdomo wa kudondoshea, kila kitu. Mtoto au bibi anaweza kujitia. Na kirusi cha kideri kikiingia jichoni kinaleta macho mekundu hata kwa mtu. Kwa hiyo tafuta kikopo chenye mfuniko, andika kwa makapeni CHANJO YA KUKU, usichanganye na mboga wala maziwa, na ukimaliza kuchanja nawa kwa sabuni.

Wasio na friji, ulizieni I-2, chanjo nyingine ya kideri, ile inayotengenezwa na TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) kule Kibaha, yenyewe inavumilia joto kuliko La Sota. Ila kuvumilia sio kwamba haifi, jua linaiua vilevile. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, weka kivulini penye giza karibu na mtungi wa maji, na fuata muda alioandika mtengenezaji. Mimi naona bora zaidi mkubaliane majirani, kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, mnachanga hela, mtu mmoja anaifuata alfajiri na mnachanja siku hiyohiyo, hapo hakuna cha kuhifadhi.

Ukishachanganya chanjo, saa imeanza kuhesabu, La Sota ya maji ya kunywa iwe imeisha ndani ya masaa mawili, na maji yasiwe na klorini maana inaiua, tumia ya mvua au ya kisima safi. Chanja asubuhi mapema au jioni. Iliyobaki usiirudishe kwenye friji hata kama inakuuma, ichemshe pamoja na kichupa chake halafu fukia mbali na kisima, na usiwaachie watoto vile vichupa wakachezea.