Mabaka ya UVIKO: usikimbilie krimu kali

Ukitokwa na mabaka yanayowasha wakati wa UVIKO-19 au baada yake, tafadhali usijipake krimu kali za dukani. Mengi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Oga maji ya uvuguvugu, paka kalamaini (losheni ya kutuliza muwasho), muulize mfamasia dawa ya mzio kama setirizini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Pitisha kiganja, utahisi uvimbe. Vidole vya miguu vikivimba na kuwa vya zambarau, vaa soksi, vipate joto. Doa ukilibonyeza kwa ubavu wa glasi lisififie, na una homa, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, vilevile.